Alkoholi juu ya waya wa platinamu: namna ya kupima inavyonata na inavyooksidishwa

Ufunguo wa kabati la platinamu ninao mimi, na kabla hujaja kuuomba nataka uwe umeyasoma haya. Mimi ni fundi wa maabara ya kemia hapa Kampala. Kwetu ni Tororo, na Kiswahili nilikiokota Malaba kwa madereva wa malori kabla sijakisoma kwenye kitabu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wanafunzi wanaoniletea miradi ya seli za fueli, yaani vifaa vinavyotoa umeme moja kwa moja kutoka kwenye fueli kama alkoholi, wametoka Goma, Kisumu, Juba na Mwanza, na mezani kwangu hiyo ndiyo lugha inayotukutanisha.

Karibu wote hufika na swali lilelile: "Madam, nikitia ethanoli nitapata kilele kikubwa kiasi gani?" Kilele ni pale mkondo wa umeme unapopanda na kushuka kwenye mchoro wa mkondo dhidi ya volti. Ukubwa wake ni jambo la mwisho. Kinachoitawala alkoholi juu ya platinamu ni mabaki yanayonata kwenye chuma na kukataa kuondoka, na mabaki hayo hayajionyeshi ndani ya kile kilele kikubwa cha mkondo. Yana jaribio lake, la kuosha na kupima, ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa lina usumbufu. Mimi nalihesabu kuwa ndilo jaribio lenyewe. Mengine yote ni kuliandalia njia au kulitafsiri.

Yanayotokea juu ya chuma

Anza na methanoli, kwa kuwa ina kaboni moja tu. Molekuli yake ikifika kwenye platinamu safi hushikwa upande wa kaboni, kisha huvuliwa haidrojeni zake moja baada ya nyingine. Kila haidrojeni inayotoka huacha protoni kwenye asidi na elektroni kwenye waya. Zikiisha zote nne, kinachobaki kimenata kwenye chuma ni kaboni monoksidi, CO, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

CO huing'ang'ania platinamu. Ni kama abiria wa teksi pale Old Taxi Park aliyekalia kiti na hashuki mpaka kondakta amfuate: watu wakijaa mlangoni namna gani, kiti hakipatikani. Kondakta hapa ni OH, inayotokana na maji yanayovunjwa juu ya platinamu hiyohiyo. CO na OH zikiwa jirani huungana, CO2 hutoka, na nafasi hubaki wazi kwa molekuli nyingine. Shida ni kwamba platinamu haianzi kuyavunja maji kwa kiasi cha maana mpaka ifike volti 0.6 hivi. Volti zote humu nimezihesabu dhidi ya elektrodi ya haidrojeni iliyomo katika asidi ileile.

Kwa hesabu ya nishati peke yake, methanoli ingeweza kuoksidishwa kuanzia volti 0.02, na ethanoli kuanzia 0.08. Linganisha na hiyo 0.6. Hilo pengo la nusu volti na zaidi ndilo linaloila seli ya fueli ya methanoli kabla haijawasha hata taa moja.

Ethanoli ina tatizo la ziada, kwamba kaboni zake mbili zimeshikana na platinamu haina nguvu ya kuzitenganisha vizuri katika joto la kawaida. Nitalirudia hilo mbele, kwa sababu ndipo andiko nyingi za miradi zinapoharibikia.

Usafi, ambao ni nusu ya kazi

Sitii chumvi. Waya wa kipenyo cha nusu milimita na urefu wa sentimita moja una uso mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Uchafu kidogo sana kwenye maji unatosha kuufunika wote kabla alkoholi yako haijafika.

Maji ya bomba usiyafikirie. Yanatiwa klorini, na kloridi hunata kwenye platinamu na kuikaba. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli nayo yaache hukohuko. Hata kama chumvi zimetolewa, yamekaa kwenye jerikeni la plastiki na hujui yameokota nini. Unataka maji ya mashine ya kusafishia, yanayosoma megaohmu-sentimita 18.2, uliyoyakinga asubuhi hiyohiyo. Asidi ya betri ya Katwe ni nzuri kwa betri. Kwa kazi hii nunua asidi ya sulfuriki ya daraja la uchambuzi, hata kama mtaishiriki watu watatu kununua chupa moja.

Vyombo vya kioo vilaze usiku kucha ndani ya pamanganeti ya potasiamu iliyoyeyushwa majini na kutiwa asidi kidogo. Asubuhi vimwagie asidi hafifu yenye peroksidi ya haidrojeni mpaka rangi ya kahawia iishe, kisha vichemshe kwa maji safi, mwaga, chemsha tena, mara nne au tano. Usithubutu kumimina asidi kali ya sulfuriki juu ya fuwele kavu za pamanganeti: mchanganyiko huo hulipuka. Na usisubiri kipimajoto kifike nyuzi 100. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96.

Vizibo viwe vya kioo au Teflon. Mpira hutoa mafuta yake taratibu, na vidole vyako pia. Nimeona mtu aliyefuata kila kitu kwa uangalifu halafu akaunyoosha waya kwa vidole ili ukae wima, na mchoro ukalala kama barabara ya Soroti.

Waya wenyewe unausafisha kwa moto. Ushike kwa sehemu ya kioo, upitishe kwenye mwali wa gesi mpaka uwe rangi ya chungwa, uuache upoe kidogo hewani, kisha utie tone la maji safi juu yake ili uingie kwenye seli ukiwa umevaa tone hilo. Usiogope kuuyeyusha kwa kichomeo cha kawaida cha maabara. Platinamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,768. Jean Clavilier wa Ufaransa alipoonyesha mwaka 1980 kwamba fuwele moja ya platinamu ikisafishwa kwa moto na kukingwa na tone la maji hutoa mchoro ambao hakuna aliyekuwa ameuona, watu walibishana kwa miaka. Leo ndiyo njia ya kila mtu.

Elektrodi rejea, ile unayopimia volti dhidi yake, ndiyo inayoleta kloridi kwa mlango wa nyuma. Ile ya fedha na kloridi ya fedha tuliyonayo wengi huvuja polepole ndani ya seli. Kama una ya zebaki na salfeti ya zebaki, tumia hiyo. Ikiwa na potasiamu salfeti iliyokolea kabisa, ongeza volti 0.66 kwenye usomaji wako ili kupata kipimo cha haidrojeni katika asidi ya sulfuriki ya mola 0.5. Kama huna budi kutumia ya kloridi ya fedha iliyojaa, ongeza 0.22, na uitenge kwenye mrija wake wenye kizibo cha kioo chenye vinyweleo. Elektrodi saidizi, inayofunga mzunguko wa umeme, inaweza kuwa waya mwingine wa platinamu uliosokotwa, wenye uso mkubwa kuliko ule unaoupima, nayo ikae kwenye chumba chake.

Potentiostati ya maabara, mashine inayoishikilia volti na kupima mkondo, inatosha. Kama chuo chako hakina, kuna muundo wa wazi uitwao CheapStat uliochapishwa mwaka 2011, ambao vifaa vyake viligharimu chini ya dola 80. Fundi wa redio anayejua kuchomelea risasi anaweza kukuundia. Chochote utakachotumia kiunganishe na betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya jaribio la kuosha, waya unaachwa bila volti ya kuushikilia na unaanza upya.

Mchoro wa kwanza hauna alkoholi

Tengeneza asidi ya mola 0.5: mililita 28 za asidi kali, polepole, ndani ya maji, halafu ujaze hadi lita moja. Asidi iende kwenye maji, si kinyume chake. Weka mililita 50 kwenye seli na upulize nitrojeni ndani kwa dakika 20, kisha inua mrija ili gesi ipite juu ya maji tu wakati unapopima. Oksijeni ikibaki utaiona: mchoro wote unazama chini ya mstari wa sifuri.

Sasa pandisha na kushusha volti kati ya 0.05 na 1.45 kwa mwendo wa milivolti 50 kwa sekunde. Rudia mpaka mizunguko ilaliane. Kuanzia kushoto utaona vilele viwili vya haidrojeni ya asidi ikinata kwenye platinamu na kutoka, karibu na 0.12 na 0.27, juu na chini vikitazamana. Kisha sehemu tambarare isiyo na tukio. Kuanzia 0.8 hivi platinamu inavaa oksijeni, na mkondo unapanda na kubaki juu. Ukirudi, oksidi hiyo inavuliwa kwa kilele kimoja kipana karibu na 0.75.

Ukiona vilele vya haidrojeni vimeviringika kama vilima vilivyochakaa, au oksidi inachelewa kuanza, una uchafu. Rudi kwenye moto na kwenye vyombo. Hapa ndipo ninaposimama na kukataa mtu asiendelee, hata kama msimamizi wake anataka matokeo Ijumaa. Mchoro usio na alkoholi ndio ushahidi pekee kwamba ulichopima baadaye ni platinamu na alkoholi, si platinamu na sabuni.

Huo mchoro pia unakupa eneo halisi la uso. Pima eneo lililo chini ya vilele vya haidrojeni baada ya kuondoa ule mstari tambarare wa chini, ligawe kwa mwendo wa volti, upate chaji. Platinamu ya kawaida hubeba mikrokulombu 210 za haidrojeni kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme umepata mikroampea-volti 3.0, gawanya kwa 0.05, ni mikrokulombu 60. Gawanya kwa 210, ni sentimita za mraba 0.29. Waya wangu wa kipenyo cha nusu milimita na urefu wa sentimita moja, kwa rula, una 0.16. Kwa hiyo uso wake una mikwaruzo na mabonde yanayoufanya uwe mara 1.8 ya unavyoonekana. Mkondo wowote utakaoandika kwenye ripoti ugawanye kwa 0.29, usigawanye kwa 0.16.

Tia methanoli

Mililita 1 ya methanoli safi ndani ya mililita 50 inakupa karibu mola 0.5. Fanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa, na pipeti usiinyonye kwa mdomo, methanoli inapofusha.

Rudia mzunguko uleule. Vilele vya haidrojeni vimepungua, kwa maana nafasi zimekaliwa. Ukipanda, hakuna kitu mpaka 0.6 hivi, halafu mkondo unaruka na kufika kilele karibu na 0.85 au 0.9, kisha unaanguka kwa sababu oksidi imefunika chuma. Ukishuka, kimya, kimya, halafu ghafla karibu na 0.75 kinachomoza kilele kingine, nacho pia ni cha kuoksidisha ingawa unashusha volti.

Hicho kilele cha kurudi kimezua maneno mengi. Utasoma kwenye makala nyingi kwamba kinatokana na CO iliyobaki, na kwamba ukigawanya kilele cha kwenda kwa kilele cha kurudi unapata uwezo wa kichocheo kuvumilia sumu. Usiandike hivyo kwenye karatasi itakayopita mezani kwangu. Fikiri: CO gani itabaki juu ya platinamu iliyopelekwa hadi volti 1.4? Imeshaoksidishwa yote zamani. Kilele cha kurudi ni methanoli mpya inayolipata chuma likiwa jeupe baada ya oksidi kuvuliwa. Unaweza kujihakikishia mwenyewe: badilisha kikomo cha juu, kiwe 1.0, kisha 1.2, kisha 1.4. Kadiri unavyokwenda juu ndivyo oksidi inavyokuwa nzito na kuchelewa kuvuliwa, na kilele cha kurudi kinasogea chini na kupungua. Uwiano unaobadilika kwa sababu umegusa kitufe cha kikomo hauwezi kuwa tabia ya kichocheo.

Osha, halafu pima

Hapa ndipo unapoyaona mabaki yenyewe. Unahitaji seli yenye bomba la kutolea maji chini na faneli ya kuingizia juu, pamoja na chupa ya asidi safi isiyo na alkoholi ambayo nayo imepulizwa nitrojeni. Fundi wa vioo akikupa seli yenye bomba la chini, umefika.

Usafishe waya kwa mizunguko michache kwenye asidi tupu, kisha usimamishe volti kwenye 0.35. Namba hiyo ina sababu. Chini yake, kwenye 0.1, chuma limejaa haidrojeni na methanoli haipati pa kukaa. Juu yake, ukikaribia 0.6, mabaki yanaanza kuondolewa huku yakiingia. Kwenye 0.35 nyumba iko wazi na hakuna anayefukuzwa.

Ukiwa bado umeishikilia volti hiyo, ingiza methanoli. Utaona mkondo unaruka mara moja halafu unakufa. Mruko huo ni haidrojeni za methanoli zikivuliwa. Kufa kwake ni CO inavyojaa. Subiri dakika tano.

Sasa toa mchanganyiko kwa bomba la chini huku ukimimina asidi safi kwa juu, ili waya usikauke hata nukta moja na volti isikatike. Pitisha asidi ya kutosha, mara kadhaa ya ujazo wa seli. Hii ndiyo sehemu inayochosha mkono na ndiyo watu wanaikatiza. Ukibakiza methanoli kidogo majini, utakachopima baadaye ni mchanganyiko wa kilichonata na kinachoogelea, na hakuna hesabu itakayovitenganisha.

Ukimaliza, shusha kwanza volti hadi 0.05 halafu panda. Katika mzunguko huu wa kwanza vilele vya haidrojeni ni vifupi au havipo. Majini hakuna tena alkoholi, lakini nafasi zimekaliwa. Endelea kupanda. Karibu na 0.7 kinasimama kilele kimoja chembamba, ambacho hakikuwapo kwenye mchoro wa asidi tupu: mabaki yanaungana na OH na kuondoka. Mzunguko wa pili unafanana na wa asidi tupu, haidrojeni zimerudi zote. Wanafunzi wakifika hapa hunyamaza na kutazama skrini, nami huwaacha.

Chaji ya kile kilele, ukiwa umetoa chaji ya oksidi kwa kutumia mzunguko wa pili, igawanye kwa chaji ya haidrojeni iliyokuwa imezibwa. Jibu ni elektroni ngapi zinahitajika kukifungua kila nafasi moja ya platinamu. Likikaribia 2, mabaki ni CO iliyosimama juu ya atomu moja. Likikaribia 1, huenda ni CO iliyolalia atomu mbili, au ni kipande COH kilichoshika atomu tatu, na chaji peke yake haiwezi kukuambia ni kipi. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Mwaka 1981 Beden, Lamy, Bewick na Kunimatsu walipitisha mwanga wa infraredi kwenye elektrodi ikiwa kazini, wakaona mstari wa CO iliyosimama, kwenye eneo la namba-wimbi 2,050 hadi 2,070 hivi. Sisi tusio na mashine ya infraredi ya namna hiyo tunabaki na uwiano, na uwiano ulioupata kwa mikono safi ni kitu cha kuheshimika.

Rudia jaribio zima kwa kubadilisha muda wa kusubiri: sekunde kumi, dakika moja, dakika kumi. Utaona uso unavyojaa taratibu. Methanoli haiujazi kabisa kama gesi ya CO inavyoujaza, maana ili ivuliwe inahitaji nafasi kadhaa zilizo wazi jirani kwa jirani, na kadiri uso unavyojaa ndivyo majirani wanavyopungua.

Ethanoli

Mililita 1.5 ndani ya 50 inakupa karibu mola 0.5. Hakikisha ni ethanoli tupu. Spiriti ya zambarau haifai kwa chochote humu, imetiwa rangi na mara nyingi methanoli. Kwenye mzunguko wa kawaida utaona vilele viwili ukipanda, kimoja kati ya 0.8 na 0.9, kingine kuanzia 1.2, na kimoja ukirudi.

Sasa lile jambo linaloharibu andiko. Mwanafunzi anaandika

C2H5OH + 3H2O → 2CO2 + 12H+ + 12e−

kisha anazidisha kila kitu kwa 12. Mlinganyo ni sahihi kwenye karatasi. Juu ya platinamu, katika asidi na joto la kawaida, ethanoli nyingi haifiki huko. Inapoteza haidrojeni mbili na kuwa asetaldehidi, elektroni 2 tu. Au inakwenda hatua moja zaidi hadi asidi ya asetiki, ile ya siki, elektroni 4. Asidi ya asetiki ikishatokea haiguswi tena. Imefika mwisho wa safari. CO2 hutoka, lakini ni sehemu ndogo. Ukiweka ethanoli nyingi, asetaldehidi huongezeka, kwa sababu molekuli zinagombania nafasi na OH haipati pa kukaa ili kumalizia kazi. Ukiipunguza, asidi ya asetiki huchukua sehemu kubwa zaidi.

Fanya jaribio la kuosha kwa ethanoli pia. Utakuta kilele cha CO, ambayo ni ushahidi kwamba baadhi ya molekuli zimevunjwa kati ya kaboni na kaboni. Lakini utakuta pia mkia unaoendelea kwenye volti za juu zaidi: ni vipande vya upande wa pili wa molekuli, kaboni yenye haidrojeni zake, vilivyo vigumu kuondoa kuliko CO. Uwiano wa elektroni kwa nafasi hautakaa kwenye 2 kama kwa methanoli. Usiulazimishe.

Kwa ripoti, andika mkondo kwa eneo halisi na useme wazi kwamba hujapima mazao. Kama msimamizi anataka namba ya elektroni, mwambie inahitaji kupima asetaldehidi na asidi ya asetiki zilizotokea, na mkondo hauwezi kuzitaja kwa majina.

Propanoli ya pili, iliyomo kwenye baadhi ya vitakasa mikono, jaribu siku yenye nafasi: inaishia kwenye asetoni, karibu haiachi CO, na huanza kuoksidishwa mapema kuliko methanoli. Tumia iliyo safi, kitakasa chenyewe kina gliserini.

Shikilia 0.6 utazame

Mizunguko huisafisha platinamu kila inapopanda, kwa hiyo huficha uchovu wake. Simamisha volti kwenye 0.6 kwa nusu saa na uandike mkondo. Unaanza vizuri, unaporomoka kwa dakika chache za mwanzo, kisha unaburuta. Hiyo ndiyo hali ya seli ya fueli inavyoishi kweli.

Ndiyo maana huwekwa ruteni pamoja na platinamu. Ruteni huyavunja maji kuanzia volti 0.2 au 0.3, na OH yake huihudumia CO iliyo kwenye platinamu jirani. Watanabe na Motoo wa Japani walilieleza hilo mwaka 1975, na mpaka leo halijabadilishwa na kitu kikubwa kwa methanoli. Kwa ethanoli wengi huongeza bati. Inasaidia kupata mkondo mapema, ila mara nyingi ni asidi ya asetiki inayoongezeka, kaboni zenyewe hazivunjiki.

Kawunyemu na waragi

Kila mwaka kuna anayetaka kupima waragi, pombe kali yetu ya kukenekwa, na mimi huwa nakubali, kwa masharti.

Kifaa wanachokushikisha mdomoni usiku polisi wa Kawunyemu, ile operesheni ya kuwapima madereva ulevi, kikiwa cha aina ya seli ya fueli, kina platinamu ndani yake pande mbili za kitambaa au kisahani chenye asidi. Pumzi yako inapita upande mmoja, ethanoli inaoksidishwa, hasa hadi asidi ya asetiki. Hewa inatumika upande wa pili, na mkondo unaotoka unahesabiwa. Kile cha Robert Borkenstein cha mwaka 1954 kilitumia dikromati ya potasiamu na kutazama rangi ikibadilika. Platinamu ilikuja baadaye, na ubora wake ni kwamba asetoni ya pumzi ya mgonjwa wa kisukari karibu haiigusi. Methanoli je? Inaiona vizuri tu, na inaihesabu kama pombe. Kifaa kinajua mkondo, hakijui jina.

Hilo si jambo dogo hapa kwetu. Mwaka 2010 huko Kabale watu wengi walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Kwa hiyo mtu akija na chupa isiyo na lebo akaniambia ataipima kwa platinamu ajue kama ni salama, namkatalia hapohapo. Michoro ya methanoli na ethanoli inalaliana mno, na tone la methanoli ndani ya ethanoli nyingi halitaonekana kamwe.

Ukitaka kuitumia waragi kama mafuta ya majaribio, iyeyushe mara ishirini kwenye asidi na utarajie mambo mawili. La kwanza ni alkoholi nzito na aldehidi zilizotoka kwenye ndizi au molasi, ambazo zitaupunguza mkondo hata kama ethanoli ni ileile. La pili ni shaba. Enguli, yaani waragi wa kienyeji, ikipita kwenye bomba la shaba huokota kidogo, na shaba hujipaka juu ya platinamu kwenye volti za chini, ikizikalia nafasi za haidrojeni na kuharibu hesabu yako ya eneo. Ukiona kilele kigeni kati ya 0.3 na 0.8 kinachokua kila unapokaa muda mrefu zaidi kwenye volti za chini, ni shaba hiyo, wala hujagundua kitu kipya. Ikeneke tena sampuli kwa vyombo vya kioo vitupu, uipeleke ipimwe kwa kromatografia ya gesi, njia inayozitenganisha alkoholi moja moja, ili ujue methanoli iliyomo, na uje na karatasi ya majibu siku unayokuja kuchukua waya.